Mvuje Kwenye Dengu za Damas

Marahaba, wanangu. Nimewasikia wote, hata yule aliyesema "mambo" akidhani masikio yangu yameshazeeka. Kaeni. Simu zenu wekeni kifudifudi, maana mtu akinimulika usoni nikiwa katikati ya maneno nasahau nilipofikia, halafu lawama inakuwa yangu.

Aliyeniponza ni Rehema, mjukuu wa dada yangu. Wiki iliyopita alinipeleka kula kwenye mgahawa wa Kijapani huko mjini, kwenye ghorofa lenye lifti ya vioo. Yeye kazi yake kupiga video za chakula, na wapo watu wanaoamini anachosema. Supu ikaletwa, inatoa mvuke vizuri. Akaizunguka, akaipiga kwa juu, akaipiga ubavuni, akaniambia, "Bibi, sogeza mkono." Nikasogeza. Kisha akaiambia simu, "Jamani, hii tamu hatari," na bado hajatia hata kijiko mdomoni. Nilipomuuliza ametambuaje, akacheka, akasema, "Bibi, siku hizi ndivyo tunavyofanya." Nikanywa supu yangu. Sikuwa na uso wa kumkaripia, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufanya jambo hilohilo, tena baya zaidi, na lilimgharimu mtu. Ndiyo maana leo nimewaita.

Miaka ishirini na saba nilikula kwa ajili ya gazeti. Kila Jumamosi palikuwa na safu inaitwa Kijiko, na Kijiko huyo nilikuwa mimi, Tunu binti Salum wa Kariakoo. Hapakuwa na picha wala jina, kwa sababu mwenye mgahawa akikujua anakuletea pande la samaki la mgeni rasmi, na wewe unaandika habari za samaki ambaye msomaji hatamwona maisha yake yote. Nilikula kwa Wachina, kwa Wahindi wa kila namna, kwa Wathai, kwa Wakorea walipokuja. Migahawa ya vitambaa vyeupe, ambako mhudumu anakuvutia kiti mpaka unaogopa kukaa.

Kazi yenyewe sikuiomba. Nilikuwa msahihishaji, nakaa chumba cha nyuma nawinda herufi zilizopotea. Siku moja mhariri wetu, Bwana Mhando, akapata kadi ya kwenda kuonja chakula kwenye mgahawa mpya wa Kichina. Mwandishi wa siasa akasema ana kikao. Wa michezo akauliza kama huko kuna ugali. Mhando akaingia chumba cha nyuma, akanikuta nakula wali wa mama yangu kwenye hotipoti, akasema, "Wewe unakula kwa makini. Nenda."

Nikaenda na gauni la Idi. Wakaniletea vijiti. Kamba wa kwanza niliyemshika aliruka, akatua kwenye meza ya jirani, karibu kabisa na mkono wa mzee mmoja wa Kichina. Yule mzee akamtazama kamba, akanitazama mimi, akamnyanyua kwa vijiti vyake na kumrudisha kwenye sahani yangu bila kusema neno. Kisha akanionyesha: kijiti cha chini hakitembei, kinatulia hapa kwenye bonde la kidole gumba, cha juu ndicho kinachofanya kazi. Nikashukuru. Baadaye akaniona nahangaika kumwita mhudumu aniongezee chai, akainuka tena, akauweka mfuniko wa birika langu upande. Mhudumu akaja mbio. Kumbe mfuniko ukikaa sawasawa wao wanajua chai bado ipo. Nilikuwa nimeshatunga kichwani sentensi kali kuhusu wahudumu wavivu. Nikaifuta, nikaandika habari za yule mzee, na Mhando akasema, "Hii wiki ijayo tena."

Mwalimu wangu hasa lakini alikuwa mama. Mama alikuwa mama lishe pale Mtaa wa Narung'ombe. Benchi mbili, meza moja yenye kitambaa cha plastiki, na sufuria zilizong'aa kuliko vioo vya saluni. Wanaokula kwake ni wapagazi wa sokoni, wenye maduka, Waarabu wawili wa nguo za jumla waliokuwa wakigombania ukoko. Nilipomwambia nalipwa nile kwenye mahoteli, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia nianzie wapi. "Usikimbilie biriani," alisema. "Biriani ina mengi ya kujifichia. Agiza wali mweupe. Mtu akishindwa wali mweupe, huko kwingine anakudanganya." Mpaka leo nafanya hivyo. Kwa Wahindi nitaomba wali na dengu, kwa Wachina wali na mboga za majani, kwa Wathai wali na yai. Msiogope kuonekana washamba. Mhudumu akikunja uso, mwacheni akunje.

Mengine niliyaokota njiani. Usitafune tambuu wala usinywe kahawa chungu kabla ya kwenda, ulimi unakuwa umeshalewa. Kaa mahali unapoona mlango wa jikoni. Chungulia wahudumu wanakula nini zamu ikiisha: wakila chakula cha palepale, tulia, wakituma chipsi nje, jiulize. Nenda na mtu asiyependa unachokipenda wewe. Na nenda mara mbili. Hili la mara mbili lina hadithi yake, ndiyo naijongelea.

Na usiende na swaumu. Mwezi mmoja wa Ramadhani mwenzenu nilijitia ujanja, nikaona nifuturu kazini, gazeti lilipe. Nikaenda kwa Wathai, mgahawa mpya, nikafungua kwa tende moja na maji, ikaja supu ya nazi. Wanangu, niliisifu supu ile mpaka wino ukaona haya. Idi ikapita, Mhando akampeleka mkewe, akarudi Jumatatu amenuna. "Tunu," akasema, "supu yako ile ni tui na chumvi." Mama aliposikia hakunionea huruma hata kidogo. "Ukiwa umefunga hata maji ya bomba ni sharubati," alisema. "Sasa wewe ulikuwa unaonja supu au unaonja njaa yako?" Nilicheka naye. Nilidhani ni utani. Ningelishika neno lile, haya ninayokuja kuwaambia yasingetokea.

Ulikuwepo mgahawa mmoja nyuma ya Kisutu, ghorofa ya pili, wa mama mmoja wa Kihindu tuliyemwita Mama Kanta. Mjane, mtu mzima, kila siku sari nyeupe. Kwa wakati huo alikuwa ameshachoka, mgahawa anauendesha mwanawe Nilesh. Hawapiki nyama. Chakula kinakuja kwenye sinia la shaba lenye mabakuli madogo sita yamezunguka wali, na meza inabidi uiwekee nafasi. Walikuwa wanakula hapo mabalozi na wenye viwanda. Nikaenda mchana wa Jumanne, nikakaa ninapoona mlango wa jikoni, nikaagiza.

Chini kabisa ya orodha ya vyakula palikuwa na mstari mmoja mdogo unaosema kwamba humo ndani hakitumiki kitunguu wala kitunguu saumu. Mimi, msahihishaji wa zamani, niliyelipwa miaka yote ile kusoma mpaka nukta ya mwisho, sikuusoma.

Nikaanza na wali na dengu, kama mama alivyonifundisha. Nikachota, nikaonja, na harufu ikanipanda puani. Nikaijua papo hapo. Ilikuwa mvuje. Nyie wa leo huenda hamuujui: ni utomvu mgumu wa rangi ya kahawia unaouzwa kwa wauza dawa za asili Kariakoo, unanuka vibaya, na bibi zetu wanamfungia mtoto mchanga kwenye kitambaa cheusi mkononi ili asisumbuliwe na mashetani. Mimi mvuje niliujua kwa kazi hiyo moja tu. Nikaweka kijiko chini. Mabakuli matano yaliyobaki sikuyagusa. Nililipa, nikateremka ngazi, na nilipofika ofisini nilikuwa na hasira ambayo sikujiuliza inatoka wapi.

Nikaandika. Nakumbuka mpaka leo: "Mpishi amekosa kitunguu, akaona atupikie dawa ya mtoto mchanga. Tulikwenda kula, tumerudi tumetibiwa." Mhando akacheka machozi. Jumamosi ilipotoka mji mzima ukacheka. Nilikuwa napita Msimbazi nawasikia vijana kwenye kijiwe cha kahawa wanaambiana, "Unaumwa? Nenda kwa Mama Kanta ukatibiwe." Nikatembea kifua mbele. Nawaambia kweli, sijawahi kufurahia sentensi yangu kama nilivyoifurahia ile.

Siku kumi baadaye nikapita kwa mama asubuhi kunywa chai. Kwenye benchi alikaa baba mmoja wa makamo, mnene kiasi, kikapu cha mboga miguuni, anakula maharage yaliyofunikwa na kachumbari mpaka maharage yenyewe huyaoni.

"Tunu, msalimie kaka Damas," mama akasema. "Mtani wangu huyu, Mnyamwezi wa Tabora. Ndiye mpishi mkuu wa wale Wahindi wa ghorofani, Kisutu."

"Nilikuwa," akasema Damas. "Sasa nanunua mboga."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita, mtani. Kuna mtu wa gazeti anaitwa Kijiko. Ameandika natia dawa ya watoto kwenye dengu."

Mama akaacha kukoroga. Hakunitazama. Alikuwa anajua Kijiko ni nani, alikuwa akijisifu kwa siri kwa Waarabu wake wawili.

"Na unatia?" mama akauliza.

"Ni mvuje," Damas akasema, kwa upole tu, kama anamweleza jirani njia. "Mama Kanta na watu wake dini yao hairuhusu kitunguu. Mvuje kidogo, kama punje ya mchele, ukiutupa kwenye samli ya moto, ile harufu mbaya inaondoka, inabaki ladha kama ya kitunguu kilichokaangwa. Unamwagia juu ya dengu, unafunika. Mama Kanta alinifundisha mwenyewe. Nilianza kwake kuosha vyombo mpaka akanikabidhi sufuria, na sufuria nimekaa nayo miaka kumi na tisa." Akachota kachumbari. "Nilesh amesema watu wanacheka, wateja wamepungua. Ameagiza mpishi kutoka Bombay, anafika mwisho wa mwezi. Akishafika yule, sijui kama hata hizi bamia nitanunua mimi."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Palikuwa na nafasi kubwa tu ya kusema, "Kaka Damas, Kijiko ni mimi." Kariakoo nzima ilikuwa inapita na mikokoteni yake, hakuna aliyekuwa anatusikiliza. Nikasema nimechelewa kazini. Nikaiacha chai nusu, nikaondoka.

Jioni mama alinikuta nyumbani Ilala. Hakukaa.

"Nilikusubiri useme," alisema.

"Sikuweza, mama."

"Hizo dengu zilikuwa mbaya?"

"Sijui."

"Hujui vipi na umeandika?"

"Sikuzila, mama. Nilionja kijiko kimoja nikasikia ile harufu."

Hapo mama akakaa. Akavua kanga ya kichwani, akaikunja, akaikunjua. Kisha akasema taratibu, "Hukusikia harufu ya dengu wewe. Ulisikia harufu ya Mwanaidi."

Mwanaidi alikuwa mwanangu wa kwanza. Alizaliwa siku ya Idi, ndiyo jina likawa hilo, na aliishi miezi minne. Homa ilipomshika tulimpeleka hospitali, na bibi yangu naye akamfungia mvuje mkononi, kila mtu alifanya alichokijua. Haikusaidia dawa ya hospitali na haikusaidia ya bibi. Siku ya maziko walinifungulia kile kitambaa cheusi wakanipa mkononi, na nilikaa nacho mpaka harufu ikaingia kwenye ngozi. Miaka sita sikuusikia mvuje. Halafu mtu nisiyemjua akaniletea kwenye bakuli la shaba, na mimi nikamvunjia sufuria yake kwa sababu alinikumbusha mtoto wangu. Nililia kwa mama siku ile, na yeye akalia. Tulipomaliza akasema, "Haya. Mwisho wa mwezi ni lini?"

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Kesho yake nikaingia kwa Mhando nikamwambia nataka kukanusha. Akadhani nimetishiwa. Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Ukisema umekosea ladha, sawa, tutaweka mistari miwili ndani," akasema. "Lakini unataka kuwaambia wasomaji kwamba hukula?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Tunu, safu hiyo inasimama juu ya jambo moja tu, kwamba wewe unakula. Ukiwaambia hukula, nani atakusoma tena?"

"Nirudi nikale kwanza?" nilimuuliza. "Mpishi mwenyewe hayupo jikoni. Nikila leo nitakula chakula cha mtu mwingine."

Akasema tungoje kidogo, upepo upite. Nyie mnajua wahariri. Jumamosi ya kwanza ikatoka safu ya akiba, habari za mgahawa wa Kikorea. Nikahesabu siku. Nikaenda nikamwekea karatasi yangu mezani, nikamwambia hakuna Kijiko tena mpaka hii itoke, wala ya akiba, wala ya mwakani. Hakuzoea kuniona hivyo. Mimi mwenyewe sikuzoea. Niliipenda kazi ile, wanangu, nisiwafiche. Nilikuwa nimetoka chumba cha nyuma kwa bahati ya kadi moja, na nilijua njia ya kurudi chumba cha nyuma ni fupi.

Akaitoa. Ilisema hivi, kwa ufupi: kwamba Kijiko alionja kijiko kimoja cha dengu akaandika kana kwamba amemaliza sinia. Kwamba mvuje ni kiungo cha jikoni cha watu waliokuwa wakiupika kabla Kijiko hajazaliwa. Kwamba harufu ile ilimkumbusha mwanawe aliyefariki, na hilo halikuwa kosa la mpishi. Kwamba hana haki ya kusema dengu zile ni nzuri au mbaya, kwa sababu hakuzila. Chini nikaandika jina langu lote, Tunu binti Salum.

Barua zilikuja. Mmoja akaniandikia nirudi kwa mama yangu nikauze wali, na mama akasema ndiyo, nafasi ipo. Mhando akampa safu mwandishi wa michezo, mimi nikarudi kwenye nukta na mikato yangu. Bahati yangu yule bwana kila alichokila alikiandika "kitamu na cha kuridhisha", hata maji ya limau ya kunawia, na baada ya miezi miwili Mhando akaja chumba cha nyuma bila kunitazama usoni akasema, "Jumamosi una nafasi?"

Ya kwa Mama Kanta niliyapata kwa mama, aliyeyapata kwa Damas. Mama Kanta macho yalikuwa yamepungua nuru, gazeti akasomewa na mlinzi wa getini. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba asomewe tena pale pa mtoto. Kisha akapanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo alikuwa hajalifanya muda mrefu, akamkuta Nilesh kwenye hesabu zake. "Huyo wa Bombay atapika chakula cha Bombay," alimwambia. "Mimi nataka chakula cha nyumbani kwangu, na anayekijua yuko sokoni anachagua bamia." Jumatatu Damas akarudishiwa sufuria. Mpishi wa Bombay naye alikuja, tiketi ilikuwa imeshakatwa, wakampa kazi ya kupika vitu vitamu. Nasikia alipika vizuri sana.

Mimi nilikaa wiki tatu nzima ndipo nikapata moyo wa kupanda zile ngazi. Nikakaa, nikasoma orodha mpaka mstari wa mwisho, mara mbili. Damas akatoka jikoni anajifuta mikono. Nikainuka.

"Kaka Damas," nikasema, "Kijiko ni mimi."

"Najua."

"Umesoma gazeti?"

"Nilijua tangu siku ile kwa mtani," akasema. "Mtu haachi chai ya mama yake nusu hivihivi."

Nikamwambia anisamehe. Akasema ameshasamehe, mambo ya mwezi uliopita yameshapikwa na kuliwa. Kisha akaniuliza, na sauti yake ilishuka ili meza nyingine zisisikie, "Dengu zako leo, niweke au nisiweke?"

Mvuje unaingia mwisho, mnaelewa, na ile samli. Kwa hiyo anaweza kutenga bakuli moja. Nikamwambia, "Usiweke."

Akaweka bizari nzima na tangawizi. Zilikuwa nzuri. Nikala mabakuli yote sita, nikamaliza wali. Sikuziandika kwenye gazeti, maana hazikuwa dengu zake, zilikuwa dengu alizonipikia mimi.

Na ikawa hivyo. Kila nilipokwenda, mara mbili tatu kwa mwaka, si kwa kazi, kwa kula tu, Damas alitoka jikoni akauliza lilelile, "Niweke au nisiweke?" na mimi nikasema, "Usiweke, kaka." Mama Kanta alifariki, Damas akauliza. Nilesh akapanua ukumbi, akatia viyoyozi, Damas akauliza. Kuna mwaka aliuliza huku anacheka, ndevu zimeshakuwa nyeupe. Lakini hakuacha kuuliza, wala hakuwahi kuniwekea kwa kunijaribu, wala kwa kusahau. Kwa mpishi anayehudumia meza ishirini, jueni hiyo ni heshima kubwa. Nimekula kwa wapishi wenye vyeti ukutani ambao hawakukumbuka kwamba nimewaomba wasitie pilipili.

Hapo ndipo nilipojifunza la mara mbili. Mara ya kwanza unakula na vyako vyote ulivyokuja navyo, njaa yako, maneno uliyoambiwa, msiba wako. Vinakaa na wewe mezani na vyenyewe vinaonja. Ya pili ndiyo unakula chakula. Na ukikuta kitu usichokijua, muulize aliyekipika kabla hujamuuliza anayekusoma. Rehema, hapo nakutazama wewe.

Mama alipofariki, Damas alikuja msibani na kikapu cha vitunguu kwa ajili ya pilau. Akakaa na wanaume barazani akawamenyea vyote, machozi yanamtoka, na waliokuwa hawamjui wakadhani ni vitunguu.

Mwaka uliofuata nikastaafu. Mhando alishaondoka zamani, mhariri mpya ni binti mmoja mwenye adabu, akaniambia, "Bi Tunu, safu ya mwisho chagua mwenyewe, popote unapotaka." Alidhani nitachagua moja ya hoteli za baharini. Nikaenda nyuma ya Kisutu, ghorofa ya pili. Nikakaa palepale ninapoona mlango wa jikoni. Damas akatoka. Alikuwa amevaa miwani na anatembea kwa kuushika ukingo wa meza moja hadi nyingine.

"Bi Tunu. Niweke au nisiweke?"

Mdomo ulikuwa tayari na jibu la siku zote. Nikamtazama.

"Weka," nikasema.

Akasimama. "Kiasi gani?"

"Kama unavyowawekea watu."

Akarudi jikoni. Nikaisikia samli inalia kwenye chuma, na kabla mlango haujafunguka harufu ilishafika. Alileta bakuli mwenyewe, na kwa mara ya kwanza miaka yote ile akavuta kiti, akakaa mbele yangu na aproni yake. Harufu ikanipanda na Mwanaidi akaja nayo, mkono wake mdogo na kile kitambaa cheusi. Sikumfukuza. Nikamwacha akae. Nikachota, nikala, nikachota tena. Ilikuwa kama alivyomwambia mama siku ile kwenye benchi: nyuma ya ile harufu kuna ladha ya kitunguu kilichokaangwa, na dengu laini, na limau kwa mbali. Zilikuwa dengu bora kuliko zote nilizokula katika mji huu, na nilikuwa nimezikataa kwa miaka ishirini na nne. Mhudumu mmoja aliniletea maji, akidhani pilipili imenizidi.

Nikafuta bakuli kwa kipande cha chapati. Damas akainama, akaangalia ndani, akaligeuza bakuli upande wa taa kuhakikisha hakuna kilichobaki. Kisha akaliweka chini.

"Haya," akasema. "Sasa andika."